Mtoto Mwenyewe Ameulizwa?

Hotuba kwa walimu na wazazi, jijini Dodoma. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Mbukwenyi!

Asanteni sana. Mwenyekiti wa kikao, walimu wangu, mama zangu, baba zangu, na ninyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na madirisha, shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Mbali na kazi ya wodini, kwa miaka kadhaa nimekuwa pia mhoji katika tafiti za afya ya akili ya watoto. Napanda bodaboda na mkoba wa madodoso, nafika kijijini au mtaani, napiga hodi, nauliza maswali. Wengi wenu mnaona utafiti ni kitu cha maprofesa na kompyuta zao. Leo naomba tuutazame tukiwa pale kwenye kigoda anachokalia mhoji, mtoto akiwa mbele yake, kwa sababu kazi yote ya maprofesa inategemea kilichosemwa hapo.

Nianze na binti mmoja wa Bahi. Sitamtaja jina. Alikuwa na miaka 13. Mama yake alijibu dodoso lote kabla ya mtoto, kama utaratibu ulivyotaka. Ana huzuni? Hapana. Ana hofu? Hapana. Anatii? Mno. "Huyu mpole, hata sauti yake huisikii humu ndani." Nikaandika. Kwa majibu ya mama, hakuna mtoto niliyemkuta siku ile aliyekuwa salama kuliko yule.

Alasiri nikakaa na binti chini ya mbuyu, mahali ambapo mama anatuona lakini hasikii. Nikauliza maswali yaleyale. Alinyamaza muda mrefu, anachorachora mchanga kwa kidole. Mwishowe akasema, "Dada, mimi usiku silali. Nahesabu mabati." Bibi yake, aliyekuwa analala naye kitanda kimoja, alikuwa amefariki miezi mingi nyuma. Tangu msiba ule binti alikuwa anahesabu migongo ya bati la paa mpaka jogoo wanawika, kisha anaamka kwenda kuchota maji. Nyumbani hakuna aliyejua. Darasani mwalimu alijua tu kwamba anasinzia, na adhabu yake alikuwa ameshaipata.

Mama yule hakunidanganya, nataka hilo lieleweke kabisa. Alisema alichokiona. Surua inatokeza kwenye ngozi, utapiamlo unaonekana kwenye nywele na miguu. Tatizo la moyoni halionekani, na kwa mtoto mpole halionekani kabisa.

Wanasayansi nao waliwahi kukosea hapohapo. Zamani madaktari wengi waliamini kwamba mtoto hawezi kuhojiwa akatoa majibu ya kutegemewa, kwa hiyo waliuliza wazazi na walimu, wakaishia hapo. Mwaka 1964 na 1965, daktari wa akili za watoto Michael Rutter na wenzake walikwenda Isle of Wight, kisiwa kidogo kusini mwa Uingereza, wakawachunguza watoto wa miaka 10 na 11 wa kisiwa kile. Waliuliza wazazi, wakauliza walimu, halafu wakakaa na watoto wenyewe. Walikuta takribani watoto 7 katika kila 100 wana ugonjwa wa akili unaostahili kuangaliwa na mtaalamu. Walipowarudia watoto hao wakiwa na miaka 14 na 15, wakakuta jambo lililonigusa mimi kuliko asilimia yoyote: kulikuwa na vijana wengi wenye majonzi mazito ambayo wazazi na walimu wao hawakuyajua. Yalijulikana kwa sababu kijana mwenyewe aliulizwa.

Miaka ile ya 14 na 15 si miaka ya kupita hivihivi. Mwaka 2021 watafiti walikusanya pamoja tafiti 192 zenye watu zaidi ya 700,000, wakitaka kujua magonjwa ya akili huanza lini maishani. Karibu theluthi moja ya wagonjwa ugonjwa ulianza kabla hawajatimiza miaka 14, na karibu nusu kabla ya miaka 18. Umri ambao magonjwa haya huanza kwa wingi zaidi ulikuwa miaka 14 na nusu. Walimu wa sekondari mliomo humu, hao ni watoto wenu wa kidato cha kwanza na cha pili. Na kule Dunedin, Nyuzilandi, ambako watoto 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973 wanafuatiliwa mpaka leo, watu waliokutwa na ugonjwa wa akili wakiwa na miaka 26, nusu yao walikuwa wameshaugua kabla ya kufika miaka 15. Mtu mzima tunayempokea wodini, mara nyingi alianza kuugua akiwa amevaa sare ya shule.

Sasa mtaniuliza, wako wangapi? Shirika la Afya Duniani linasema kijana 1 katika kila 7 wa umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Darasa lenye wanafunzi 70, hao ni 10. Ila takwimu hizi zinahitaji jicho la mpishi. Mwaka 2012 ilichapishwa tathmini iliyounganisha tafiti za watoto kutoka nchi 6 za Afrika kusini mwa Sahara. Tafiti zilizotumia dodoso fupi zilipata karibu watoto 20 katika 100. Zilizotumia mahojiano ya kina ya kitaalamu zilipata kama nusu ya hao. Nani mkweli? Mama zangu mnaopepeta uwele mnajua jibu. Dodoso fupi ni ungo. Linatenga makapi upesi, lakini unga hausagwi hapo. Lazima mtu akae chini achambue kwa mkono, kokoto moja moja. Tukitangaza kilichobaki kwenye ungo kana kwamba kimeshachambuliwa, tunawatisha watu bure, na siku nyingine hawatatusikiliza.

Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu ndipo kazi yangu ilipo: maneno.

Lipo dodoso moja linalotumika karibu dunia nzima, lililotungwa na Robert Goodman wa London na kuchapishwa mwaka 1997. Lina vipengele 25, na tafsiri ya Kiswahili ipo. Ni dodoso zuri, fupi, halimchoshi mtoto. Lakini kipengele kimoja kinauliza kama mtoto anaelewana vizuri zaidi na watu wazima kuliko na watoto wenzake. Ukijibu ndiyo, anapata alama upande wa matatizo na wenzake. Sasa nenda Chamwino, mkute binti wa miaka 11, mgongoni kambeba mdogo wake, kutwa yuko jikoni na shangazi au kisimani na mama zake wadogo. Ataelewana na nani? Kwa maisha yake, jibu la ndiyo ni malezi mema. Kwa hesabu ya dodoso, ni dalili. Mhoji asiyejua hilo anaandika alama na kuondoka. Ndiyo maana chombo kikitafsiriwa lazima kipimwe upya hapa, na watoto wa hapa, kabla namba zake hazijaaminiwa.

Kuna na neno sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Ni neno zuri, tumelizoea wodini na redioni. Mtoto wa kijijini ukimuuliza kama ana sonona atakutazama kama umemwongelesha Kigiriki. Muulize kama ana mawazo. Muulize kama anafikiri sana, kama moyo unamuuma, kama kichwa kinamwaka moto wakati hana homa. Hapo anainua macho. Na bibi anayemlea, ambaye Kiswahili ni cha sokoni tu, aulizwe kwa Kigogo, au kwa Kirangi akiwa Kondoa. Nimewahi kuona mtafsiri wa kuokoteza akigeuza swali la huzuni likawa swali la uvivu. Bibi akajibu kwa hasira kwamba mjukuu wake si mvivu, na fomu ikaandikwa: hana huzuni.

Halafu hapa Dodoma tuna neno letu sisi wenyewe. Mtoto akicheka peke yake, wenzake wanasema, "Huyo wa Mirembe." Mnacheka, mnalijua. Hospitali ile ya magonjwa ya akili iko hapa tangu enzi za Waingereza, imepokea wagonjwa kutoka kila kona ya nchi, na jina lake tumeligeuza tusi la uwanjani. Basi fikirini, naingia uani kwa mtu, najitambulisha kwamba natoka upande wa afya ya akili. Kabla sijafungua mkoba, baba ameshajua jibu la kunipa: "Sisi kwetu hatuna mtu wa hivyo." Jibu hilo nalo linaingia kwenye takwimu.

Niseme pia kuhusu degedege, kwa kuwa hakuna mzazi wa nchi hii asiyelijua. Wazee walilihusisha na ndege au jini, na bado wapo wanaokimbilia huko kwanza. Tunachojua leo ni kwamba degedege nyingine hutokana na homa tu, na nyingine hutokana na malaria iliyopanda kichwani, na hii ya pili ikiisha haijaisha. Kampala, Uganda, watafiti waliwafuatilia watoto waliopona malaria ya ubongo. Baada ya miaka 2, takribani mtoto 1 katika kila 4 alikuwa na upungufu wa uwezo wa akili, katika mambo kama kumbukumbu na kuzingatia. Tafiti zilizofuata hukohuko zikaonyesha kwamba baadhi yao wanabadilika tabia: ukali, utukutu wa kupindukia, kutotulia. Na kule Isle of Wight, watoto wenye kifafa walikuwa na magonjwa ya akili karibu mara nne ya watoto wa kawaida.

Kwa hiyo mwalimu, unapokuwa na mtoto asiyetulia, anayesahau leo ulichomfundisha jana, anayepiga wenzake, kabla hujashika fimbo uliza swali moja kwa mzazi: aliwahi kupata degedege kali, akalazwa? Swali hilo halina gharama. Linaweza kumpeleka mtoto kituo cha afya badala ya kumpeleka mstari wa mbele kuchapwa.

Kwa kuwa nimeitaja fimbo, nisiikwepe. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika nchini mwaka 2009, ulikuta takribani robo tatu ya wasichana na wavulana walipata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Mwaka 2014 ikachapishwa kazi ya Tobias Hecker na wenzake, waliohoji watoto 409 wa shule ya msingi hapa Tanzania. Zaidi ya 90 katika kila 100 walikuwa wamechapwa na walimu. Na waliochapwa zaidi nyumbani, na wazazi au walezi, ndio waliokuwa na ukorofi na ukaidi zaidi.

Najua mwalimu mmoja ameshajibu moyoni: wanachapwa kwa sababu ni wakorofi. Hoja hiyo ni ya haki. Utafiti wa mara moja hauwezi kusema kipi kilitangulia, fimbo au ukorofi, na mtafiti mkweli hukiri hivyo. Ndiyo maana Mabula Nkuba, Mtanzania mwenzetu, pamoja na akina Hecker, walikwenda hatua ya pili. Walichukua shule za sekondari za serikali, wakazigawa kwa kura: baadhi walimu wake wakafundishwa kwa muda usiofika wiki moja namna ya kumwongoza mtoto bila kumpiga, nyingine zikaachwa kama zilivyo. Katika shule zilizofundishwa, ukatili wa walimu ulipungua. Walimu hawakufukuzwa wala kushitakiwa. Walionyeshwa njia nyingine, nao wakaipita. Mimi ni mtoto wa mwalimu. Nilikuwa naona baba anavyorudi jioni amechoka, watoto 90 darasa moja, na ninaamini walimu wengi wakipewa kitu kingine cha kushika wataiweka fimbo chini wenyewe.

Tukija kwenye tiba, hesabu inauma. Mwaka 2011 watafiti waliandika kwamba karibu 90 katika kila watoto na vijana 100 duniani wanaishi nchi za kipato cha chini na cha kati, lakini ni kama 10 tu katika kila majaribio 100 ya tiba za afya ya akili kwa watoto yaliyofanyika katika nchi hizo. Dawa na ushauri tunaotumia vimepimwa kwa watoto wa kwingine, wenye vyumba vyao, wenye mwanasaikolojia wa shule jengo la pili.

Lakini pana watu wameanza, na si mbali. Moshi, pamoja na Bungoma ya Kenya, watoto 640 wenye umri wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote waliingizwa kwenye jaribio la tiba ya majonzi, matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Waliotoa tiba hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida wa maeneo yale, wakafundishwa, wakasimamiwa, wakakaa na watoto kwa vikundi vikao 12, na walezi nao wakawa na vikundi vyao. Mwisho wa vikao, watoto wa Bungoma, wa mjini na wa vijijini, pamoja na wa Moshi mjini, walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao ambao hawakupata tiba hiyo. Vijijini upande wa Tanzania tofauti haikuonekana. Na mwaka mmoja baadaye, upande wetu, watoto wa makundi yote mawili walikuwa wamepata nafuu.

Wapo watakaosema basi kwetu haikufaa. Mimi nasoma vingine. Watoto wale ambao hawakupewa tiba nao walitembelewa, wakakalishwa, wakaulizwa habari za baba na mama waliozikwa, na mtu mzima aliyesikiliza bila kuwakatiza. Kwa watoto wengi wa kwetu hilo halijawahi kutokea kabla ya mhoji kuja. Hii ni imani ya mhoji, jaribio lenyewe halikupima hivyo. Ila nimekaa kwenye kigoda muda mrefu, na nimeona uso wa mtoto ukifunguka kwa kuulizwa tu.

Hapohapo Moshi kuna Sauti ya Vijana, mpango wa ushauri kwa vijana wanaoishi na virusi vya UKIMWI, unaoendeshwa na vijana wenzao waliofundishwa. Dodoma tuna Mirembe, tuna Chuo Kikuu cha Dodoma tangu 2007, tuna Hospitali ya Benjamin Mkapa. Wataalamu wako hapahapa. Mtoto wa Mpwapwa anastahili jaribio lililofanyika Mpwapwa.

Limebaki jambo zito, na nimeomba ruhusa ya Mwenyekiti kulisema mbele ya vijana. Shirika la Afya Duniani linahesabu kujiua kuwa sababu ya tatu ya vifo kwa watu wa miaka 15 hadi 29. Wazazi wengi wanatukataza kuuliza swali hilo: "Usimfundishe mwanangu." Naielewa hofu yao, na ilishapimwa. Mwaka 2005 ilichapishwa kazi ya watafiti wa jimbo la New York, Marekani, waliogawa wanafunzi zaidi ya 2,300 wa sekondari makundi mawili, kundi moja likaulizwa kuhusu mawazo ya kujiua, lingine halikuulizwa. Walioulizwa hawakupata mawazo hayo zaidi ya wenzao, wala hawakuumia zaidi. Na wale waliokuwa tayari na sonona, kuulizwa hakukuwadhuru.

Kwetu kuna kikwazo kingine. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Kijana anayelijua hilo, au aliyesikia tu kwamba polisi wanahusika, atamwambia nani? Mhoji mgeni mwenye karatasi? Mnisamehe wanasheria, lakini mimi naona kifungu hicho kinawafunga vijana mdomo hasa siku wanayohitaji kuongea. Vijana wa kule nyuma, kama mmoja wenu analo moyoni sasa hivi, nitakuwa pale chini ya mwarobaini mpaka saa kumi. Si lazima uanze na hilo. Anza na usingizi.

Ninachowaomba wazazi ni kidogo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, kwa hiyo mhoji hawezi kumgusa mwanao bila saini au dole gumba lako. Muulize kwanza maswali yako yote: karatasi inakwenda wapi, jina litaandikwa, akikutwa na shida atapelekwa wapi. Asiyeweza kujibu hilo la mwisho, mrudishe. Kumfungua mtoto kisha kumwacha wazi ni vibaya kuliko kutomuuliza. Lakini akikujibu vizuri, na wewe ukasaini, muulize na mtoto kama anakubali, halafu ondoka. Usikae mlangoni. Usimjibie. Usimkazie macho.

Yule binti wa Bahi alipelekwa kituo cha afya na shangazi yake, na niliporudi msimu uliofuata alikuwa analala na mdogo wake kitanda kimoja. Mama alinitolea kigoda kabla sijasema hodi ya pili. Akaniambia, "Leo anza naye yeye, mimi nitakusubiri jikoni."